Eli Alijua

Somo: 1 Samweli 2:12–26 na 3:1–18



Habari za Samweli tunazijua tangu Shule ya Jumapili. Mtoto amelala, sauti inamwita, anakimbia kwa Eli. Lakini leo tuanze na mama yake. Hana alimnyonyesha mwanawe, akamwachisha ziwa, akampeleka Shilo na kumwacha kwa kuhani. Halafu kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea.

Mama wa hapa Mweiga aliye na mtoto katika shule ya bweni anaielewa hiyo kanzu. Siku ya kutembelea wanafunzi unabeba chapati, sabuni na sweta. Unamwangalia mtoto kama amekonda. Mnaongea kidogo pale chini ya mti, kisha unapanda matatu kurudi nyumbani, naye anabaki mikononi mwa watu wengine. Hivyo ndivyo Hana alivyofanya. Aliiamini nyumba ya Bwana.

Sasa hebu tuulize. Ni nani walikuwa kazini katika nyumba hiyo? Hofni na Finehasi, wana wa Eli. Biblia haiwafichi. Walinyakua nyama ya sadaka kwa nguvu, na walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Walikuwa makuhani. Walivaa mavazi ya ukuhani na watu waliwaheshimu. Andiko halisemi kwamba Samweli aliguswa, na mimi sitaongeza neno. Linachosema ni kwamba mtoto alikuwa akilala katika nyumba ambamo uovu huo ulitendeka, na mkubwa wa nyumba alikuwa na habari zote.

Hapo ndipo pana ujumbe wa leo. Soma 3:13 polepole. Shtaka la Mungu juu ya Eli halikuwa kwamba alishiriki dhambi ya wanawe. Lilikuwa kwamba aliujua uovu wao na hakuwazuia. Alisema nao, ndiyo. Aliwaita, akawakemea kama baba, akawaambia habari anazozisikia kwa watu si nzuri. Kisha wakarudi kazini. Kesho yake walivaa mavazi yale yale na kusimama pale pale.

Mungu huihukumu nyumba kwa kile inachofanya ikishajua.

KWA NINI TUNASEMA HAYA SASA

Mnafahamu kwamba wazee wa kanisa wamepitisha utaratibu mpya wa kuwalinda watoto, na kwamba utaanza kabla ya kambi ya Agosti. Mnafahamu pia kwamba haukupokelewa vizuri na kila mtu. Wengine wameuliza, "Kwani mnatushuku?" Mwalimu mmoja ambaye amefundisha watoto wetu kwa uaminifu aliniambia kwamba ameumia moyo. Nilimsikiliza, na maumivu yake ni ya kweli. Ndiyo maana nimeona afadhali tuseme jambo hili mbele ya wote, kwa Neno na kwa mambo yaliyotokea, badala ya kulizungumza kwa minong'ono tukitoka ibadani.

Jambo lenyewe ni dhuluma za kingono dhidi ya watoto mahali ambapo watoto huaminiwa kwa watu wazima: kanisani, shuleni, katika makao ya mayatima, hata polisi wanapokimbilia kusaidiwa. Najua ni maneno mazito kusomwa nyumbani na familia. Lakini mtoto wa miaka minane anayeyapitia hana maneno mepesi ya kuyaelezea.

SHILO ZA SIKU ZETU

Kuna anayesema, "Hayo ni mambo ya Wakatoliki wa ng'ambo." Ni kweli kwamba mwaka wa 2002 mji wa Boston kule Marekani ulitikisika ilipofichuka kwamba mapadri waliodhulumu watoto walikuwa wakihamishwa kutoka parokia hadi parokia, na Kardinali Bernard Law akajiuzulu Desemba mwaka huo. Lakini tusijifiche nyuma ya jengo la jirani. Mei 2022 ripoti kuhusu Wabaptisti wa Kusini, watu wa kuokoka kama sisi, ilionyesha kwamba ofisi yao kuu ilikuwa na orodha ya siri ya zaidi ya watu 700 waliotuhumiwa. Walikuwa na majina na walihifadhi faili. Washirika waliokuwa wakiwaachia watoto wao hawakuambiwa. Eli naye angeweza kuandika orodha. Kujua peke yake hakumlindi mtoto.

Tuje nyumbani. Mwaka wa 2008 Mmarekani aitwaye Gregory Dow alifungua makao ya watoto kule Boito, Bomet. Alijiita mmisionari. Watoto walimwita Baba. Makanisa ya kwao Pennsylvania yalituma sadaka kuendesha kazi hiyo. Kumbe mwaka wa 1996, katika jimbo la Iowa, alikuwa amekiri mahakamani kosa la kushambulia kwa nia ya kudhulumu kingono. Kumbukumbu ilikuwepo, imeandikwa. Alivuka bahari, akabeba Biblia, akapewa watoto. Mambo yalipoanza kufichuka mwaka wa 2017 alitoroka Kenya. Mwaka wa 2020 alikiri makosa dhidi ya wasichana wanne, na Februari 2021 mahakama ya kwao ikamfunga miaka 15 na miezi 8. Mmoja wa watu waliolifuatilia jambo hilo hadi likafika kwa wachunguzi wa FBI alikuwa mama Mkenya anayeishi kule kule Pennsylvania. Mama huyo hakuwa askofu wala wakili. Alisikia, akaenda kuwasikiliza wasichana wenyewe, akawaamini, akapeleka habari.

Mwingine ni Matthew Durham kutoka Oklahoma. Mwaka wa 2014 alikuja kujitolea katika makao ya watoto ya Upendo, Nairobi. Safari hiyo aliomba kulala ndani ya makao pamoja na watoto. Ombi hilo lingeonekana kama moyo wa upendo, si ndiyo? Mwaka wa 2016 alihukumiwa miaka 40 jela.

Lakini tusiseme ni wazungu tu. Kule kaunti ya Nakuru, wasichana wawili wa Shule ya Msingi ya Jamhuri walienda Mahakama Kuu kwa sababu ya mambo waliyotendewa na mwalimu wao. Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba tume ya kuajiri walimu, TSC, pamoja na shule na serikali zinabeba lawama, akaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Jaji alikemea pia tabia ya mwajiri kumchukua mwalimu aliyetuhumiwa na kumhamishia shule nyingine. Wapendwa, sikieni hapo. Boston walihamisha mapadri, na kwetu walihamishwa walimu. Je, kanisa hufanya nini? Kanisa husema, "Ndugu ameitwa kuhudumu kwingine," na kumwandikia barua nzuri.

Karibu zaidi, hapa kwetu Mlima Kenya, kuna Meru. Wasichana wadogo 11 waliodhulumiwa walishtaki polisi wenyewe kwa kutochunguza malalamishi yao, wakisimamiwa na shirika la Ripples International. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliwapa ushindi, akasema kwamba kutochunguza ipasavyo kulivunja haki za watoto hao. Kwa hiyo mahakama ya nchi imesema jambo lile lile ambalo Mungu alimwambia Eli. Aliyejua, aliye na uwezo wa kuzuia, na asizuie, ana hesabu ya kutoa.

Na kuna Tigania. Wenye umri wanaikumbuka usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya St. Kizito. Wanafunzi wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Baadaye naibu wa mkuu wa shule alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, walitaka kubaka tu. Neno hilo "tu" ndilo lililotuumiza kizazi hiki. Tumelirithi. Tunasema "alimchezea tu", "ni mambo ya ujana tu", "ni shetani tu alimpitia". Mungu hajawahi kuliweka neno hilo katika dhambi ya aina hii.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, wasichana 32 kwa kila 100 na wavulana 18 kwa kila 100 walikuwa wamepitia dhuluma ya kingono ya namna fulani kabla ya kufika miaka 18. Utafiti wa 2019 ulionyesha hesabu imeshuka, karibu wasichana 16 na wavulana 6 kwa kila 100. Tunamshukuru Mungu kwa kushuka huko. Lakini iweke hesabu hiyo kwenye benchi zetu. Na mtambue kwamba wavulana wamo pia. Kuna kijana ambaye hajasema hata siku moja kwa sababu aliambiwa mwanamume halii.

ANDIKO LIKIGEUZWA PAZIA

Kuna maandiko matatu ambayo hutumiwa kumnyamazisha mtoto. Nataka tuyafungue moja moja, maana silaha ya adui ikiwa ni Neno, jibu lake ni Neno lililosomwa hadi mwisho.

La kwanza ni lile la kutowagusa wapakwa mafuta wa Bwana, Zaburi 105. Tunalirusha mara tu jina la mtumishi linapotajwa. Lakini soma mistari iliyo juu yake. Zaburi inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga bila nguvu. Wanaoonywa pale ni wafalme. Na ni wafalme gani? Rudi Mwanzo 20. Abimeleki, mfalme wa Gerari, alikuwa amemchukua Sara nyumbani kwake. Mungu akamjia usiku katika ndoto na kumwambia wazi kwamba ni Yeye aliyemzuia asimguse mwanamke yule. Je, mmeona? Andiko tunalolitumia kumkinga mwenye mamlaka lina mizizi katika usiku ambao Mungu alimzuia mwenye mamlaka. Tumeliweka kichwa chini miguu juu.

La pili ni la mashahidi wawili au watatu, 1 Timotheo 5:19. "Hakuna aliyeona, ni neno la mtoto dhidi ya neno la mzee." Kwanza, usiishie mstari wa 19. Mstari wa 20 unaagiza kwamba wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe hadharani. Pili, kanuni hiyo ni ya nidhamu ya kanisa. Haikatazi mtu kupiga ripoti polisi. Dhambi hii hutendwa mlango ukiwa umefungwa, hivyo anayedai shahidi wa pili anadai kitu ambacho mwenye kosa alihakikisha hakipo. Sheria ya Kenya yenyewe imeona hivyo. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama, katika makosa ya kingono, kuamini ushahidi wa mtoto peke yake, mradi ieleze sababu za kumwamini. Na mwili wa mtoto, daktari akiuona mapema, nao ni shahidi.

La tatu ni Mathayo 18:15, kwamba ndugu akikukosea umwendee mkiwa wawili peke yenu. Maagizo hayo ni ya ndugu na ndugu, watu wazima walio sawa. Mtoto hawezi kuagizwa aende peke yake kwa mtu aliyemwumiza. Na sura hiyo hiyo inaanzaje? Inaanza na Yesu akimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi, kisha anataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Huwezi kutumia mstari wa 15 kuuzima mstari wa 6.

Najua kuna atakayeleta habari za Yusufu na mke wa Potifa. "Je, akisingiziwa?" Swali ni halali, na nitalijibu hapa chini. Ila angalia mizani ya habari hiyo. Yusufu alikuwa mtumwa, na aliyemshtaki alikuwa mwenye nyumba. Aliyeaminiwa mara moja ni mwenye nguvu, na aliyefungwa ni mnyonge. Katika kesi ya mtoto na kiongozi wa kanisa, mwambie jirani yako, ni nani hasa yuko mahali pa Yusufu?

SADAKA NA WATOTO

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu, mnanijua. Katika ukaguzi wa hesabu kuna kanuni ambayo hata mama wa chama anaifahamu: mtu mmoja asishike pesa, daftari na ufunguo kwa wakati mmoja. Hata akiwa malaika. Mkaguzi akija haanzi kwa kusema mweka hazina ni mwizi. Anataka tu kuona kwamba hata mwizi akiingia, atakuta njia imefungwa.

Tazameni tunavyoshughulikia sadaka hapa. Kikapu kikitoka madhabahuni, wanakaa watu watatu. Wanahesabu, wanaandika, wanatia sahihi, na pesa zinapelekwa benki na wawili. Sijawahi kumsikia mhesabu hata mmoja akisema, "Mnanishuku." Anajua utaratibu huo unamlinda na yeye. Siku shilingi 500 zikikosekana, karatasi itamtetea.

Sasa ni jambo gani lililo la thamani kubwa zaidi kwa Yesu, kikapu au mtoto? Noti ya elfu moja tunailinda kwa watu watatu na sahihi tatu. Watoto 30 tunampa mtu mmoja, chumba cha nyuma na ufunguo. Mama ametoka Solio saa kumi na moja asubuhi kwenda kibarua shambani, mtoto ameachwa, na tunasema Mungu atamlinda. Mungu atamlinda, amina. Lakini Mungu huyo huyo alimwuliza Eli.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mdhalimu wa watoto mara nyingi hafanani na jambazi. Huwa ni mtu mpole, mkarimu kwa peremende na nauli, wa kwanza kujitolea, wa mwisho kuondoka. Hatuwezi kumjua kwa uso. Ndiyo maana tunaufunga mlango kwa kila mtu, na mwaminifu hapotezi chochote.

UTARATIBU WETU

Haya ndiyo wazee wamekubaliana. Yakateni myabandike nyumbani.

1. Hakuna mtu mzima atakayekaa na mtoto peke yao mahali ambapo hawaonekani. Anayehitaji maombi au ushauri na hajafika miaka 18 ataonwa mlango ukiwa wazi na mtu wa pili akiwa karibu. Hii inanihusu mimi na inamhusu mchungaji wetu mkuu.

2. Kila darasa la Shule ya Jumapili litakuwa na walimu wawili wasio wa nyumba moja.

3. Anayetaka kuhudumia watoto ataleta cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na tutapiga simu katika kanisa alilotoka na kuuliza swali hili waziwazi. Atakaa nasi miezi sita kabla ya kukabidhiwa watoto. Mgeni kutoka ng'ambo naye ni hivyo hivyo. Rangi ya pasi haitoi msamaha.

4. Kambini, walezi watakuwa wawili wawili, wavulana na wasichana mabweni tofauti, na hakuna mtu mzima atakayeongezwa usiku bila wazee kujua. Mzazi anaweza kupiga simu au kufika saa yoyote.

5. Mtoto hatatumwa peke yake nyumbani kwa mtumishi, na mtumishi hatamwandikia mtoto jumbe za siri.

6. Mtoto akisema amedhulumiwa, habari itafika polisi na kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Hatutaita kikao kwanza. Hatutafanya uchunguzi wetu kwanza. Aliyetajwa atasimama kando ya huduma mpaka jambo liishe.

Hapa ndipo ninapolijibu swali la Yusufu. Kusimama kando si hukumu. Hakimu akisimamisha kazi ya mtu hajasema ana hatia. Asiye na kosa atahitaji uchunguzi wa watu walio huru ili aweze kurudi akiwa amesafishwa mbele ya wote. Kikao cha siri cha kanisa hakiwezi kumsafisha. Kitamwacha na doa la minong'ono maisha yake yote. Na jina likitajwa likiwa langu, utaratibu ni huu huu. Nimetia sahihi.

Na kuhusu kusuluhishana nyumbani, tuseme ukweli. Tunajua namna mambo haya humalizwa mashinani: wazee wanakaa, mbuzi wanatajwa, pesa zinatumwa kwa simu, mama anaambiwa asiaibishe ukoo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haitambui mbuzi. Kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini imeweka kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 na zaidi ambaye bado ni mtoto, kisichopungua miaka 15. Kwa aliyekabidhiwa dhamana, kisha akaitumia kumshawishi aliye chini yake, ipo adhabu isiyopungua miaka 10. Na uamuzi wa kuiondoa kesi hauko kwa mzazi wala kwa mchungaji. Uko kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Anayepokea mbuzi hajamaliza kesi. Ameuza mtoto.

MTOTO AKISEMA

Mzazi, mwalimu, shangazi, cucu: mtoto akikuletea neno hili, usipige kelele wala usimpige yeye. Msikilize. Usimwulize mara kumi. Mwambie, "Nimekuamini, si kosa lako." Usimwogeshe na usifue nguo zake. Ziweke katika mfuko wa karatasi, usitumie plastiki. Mpeleke hospitali ya serikali kabla saa 72 hazijapita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafanya kazi katika muda huo tu, na daktari atajaza fomu za ushahidi. Matibabu haya katika hospitali ya umma yanapaswa kuwa bila malipo. Ripoti polisi, uulize dawati la jinsia, na uandikiwe namba ya OB. Ukikwama, piga 116, simu ya watoto, bila malipo. Ipo pia 1195. Na kama saa 72 zimepita, au miaka imepita, bado enda. Mlango haujafungwa.

NENO KWA ALIYENYAMAZA

Najua ninaandika pia kwa mtu ambaye anasoma karatasi hii huku mikono ikitetemeka. Labda una miaka 12. Labda una 45 na wajukuu. Ulitendewa na mtu ambaye kila mtu alimwita mtumishi, au mwalimu, au mjomba.

Haikuwa dhambi yako. Hukuivuta. Nguo zako hazikuileta. Kama hukupiga kelele, ni kwa sababu ulikuwa mtoto na uliogopa. Usiruhusu mtu akuambie kwamba kusamehe ni kunyamaza. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukasimama mahakamani useme ukweli. Na ikiwa bado huwezi kusamehe, njoo hivyo hivyo. Damu ya Yesu haikuwekwa nyuma ya sharti hilo.

Sasa rudi nami kwa mtoto Samweli. Usiku ule, Mungu alikuwa na neno juu ya nyumba ya Eli, na hakumpa mzee hata mmoja wa Shilo. Alimpa mtoto. Kulipopambazuka, mtoto akaamka akafungua milango kama kawaida, huku akiogopa kumwambia Eli. Watoto wetu wangapi hufungua milango asubuhi, hufagia, huimba kwaya, na ndani wamebeba neno wanaloogopa kulisema?

Eli alifanya makosa mengi, na aliyalipa. Lakini asubuhi ile alifanya jambo moja jema, na nataka tuliige. Alimwita mtoto kwa upole. Akamtaka aseme yote, asimfiche hata neno moja. Na mtoto aliposema, na neno likawa ni hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, Eli hakumwita mwongo. Hakumwuliza ametumwa na nani. Alikubali kwamba Bwana ndiye aliyesema.

Eli alisikiliza akiwa amechelewa. Sanduku lilichukuliwa, wanawe wakafa, naye akaanguka kutoka kitini pake. Sisi hatujachelewa. Agosti haijafika.

Tuombe. Baba, tunakuletea watoto wa kanisa hili na wa Mweiga yote. Tupe masikio kabla ya sauti ya Samweli kuzima. Ondoa kati yetu kila anayekuja kwa jina lako kuwinda. Walinde walimu waaminifu, wala wasivunjike moyo. Mponye aliyeumizwa zamani, mpe mtu wa kumwambia. Na ukitujulisha jambo, Bwana, tupe ujasiri wa kulizuia. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa mazungumzo nyumbani wiki hii: mwulize kila mtoto wako, kwa jina, ni mtu gani mzima ambaye angeweza kumwambia jambo lolote bila kuogopa. Kama hana jibu, anza hapo.